Mfuko wa tashlikh wa dola 18: chembe nzuri, karatasi balaa

Mie namtunza bibi mmoja wa Kiyahudi hapa Brooklyn, mwaka wa tatu sasa. Rosh Hashanah, mwaka mpya wao, kwake haujatimia mpaka alasiri twende ziwani Prospect Park kufanya tashlikh. Husoma aya za nabii Mika, za Mungu kuzitupa dhambi kwenye vilindi vya bahari, kisha hutupa makombo majini. Afadhali yawe maji yenye samaki. Bibi husema samaki hafumbi jicho, basi umkumbuke Asiyelala.

Safari hii binti yake aliagiza mtandaoni mfuko wa tashlikh uliokwisha tayarishwa. Dola 18. Bei hiyo haikuja hivi hivi: kwa Kiebrania kila herufi ina thamani yake ya hesabu, na za neno "hai" zikijumlishwa hutoka 18. Bibi alicheka, akasema muuzaji huyu anatujua.

Ndani mna kifuko cha chembe za chakula cha bata, kadi ya dua, na karatasi tano za kuandikia dhambi, ati "zinayeyuka majini".

Chembe nazisifu. Mkate huwashibisha ndege wa maji bila kuwapa lishe, na unaobaki huoza ziwani. Hizi zilielea, mabata wakazimaliza kabla hatujafunga kifuko. Ila walioshika dini barabara hata hizi hawazitaki, maana sikukuu hairuhusiwi kulisha wanyama wasio wako. Rabi Maharil, mwanachuoni wao wa Mainz, Ujerumani, aliwakataza watu kubeba chakula cha kutupia samaki miaka 600 iliyopita. Bibi hajafika huko.

Karatasi sasa. Siku ya sikukuu kuandika ni mwiko, kwa hiyo lazima umalize kabla jua halijatua siku ya kuamkia. Pakiti haisemi neno. Bahati bibi anajua, Jumatatu saa tisa alikwisha kaa mezani na kalamu ya wino, kanipa mgongo. Jumanne, 23 Septemba 2025, akazitupa zote tano. Zikaelea! Moja ikakunjuka, upepo ukairudisha ukingoni, maandishi yanasomeka vizuri kabisa, na pembeni watoto wawili wanatazama mabata.

"Itoe! Usiisome!"

Nikaingia na viatu vyangu, maji yakafika kwenye fundo la mguu, nikaikamata na kuifinyanga na tope. Sikusoma. Niliona neno moja tu, "dada", nikanyamaza. Zile nne zilichukua karibu robo saa kulainika, zikawa kama uji uliokatika.

Kadi ina herufi ndogo mno kwa mtu wa miaka 84. Haikuwa na kazi, aya anazo kichwani.

Mie ni wa Makunduchi, Unguja, nimekua na Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Kogwa ni kuoga. Wanaume hutandikana kwa migomba kumaliza magomvi ya mwaka, na hakuna anayeuziwa mfuko. Nilipomwambia bibi, akasema marehemu mumewe naye alikuwa akikung'uta mifuko ya koti tu, basi. Akasimama palepale akakung'uta ya kwake. Ikaanguka ganda la peremende, nikaliokota.

Nyota mbili, zote za chembe. Mwakani nitanunua chakula cha bata peke yake. Viatu hadi leo vinanuka ziwa.