Indigo Girls: sauti mbili, na hakuna aliye nyuma ya mwenzake

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Wale mliozoea kuniona nikichambua spika na hedifoni, leo hedifoni ziko hapa shingoni kama kawaida, ila ninachokichambua ni kile kinachopita ndani yake. Ni albamu. Ilitoka mwaka 1989, ina nyimbo kumi, na jina lake ni jina la waimbaji wenyewe: Indigo Girls. Wanawake wawili kutoka jimbo la Georgia, Marekani, Amy Ray na Emily Saliers. Muziki wao ni ule wa kiasili wa kule kwao, wa gitaa kavu na hadithi, uliochanganywa na roki. Mwezi mzima sasa wananisindikiza kwenye mwendokasi, Kimara mpaka Gerezani, asubuhi na jioni.

Nianze na sauti, maana hapo ndipo ninapopajua. Mimi ni mwanakwaya, naimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake. Mwanakwaya yeyote atakwambia kazi ya alto ikoje. Soprano ndiye anabeba wimbo, watu wanatoka kanisani wanaupiga mluzi mpaka kituoni, na wewe uliyejaza pale chini hakuna aliyekusikia. Ungekosekana ndiyo wangesema leo kwaya ina kitu.

Sasa wasikilizeni hawa. Amy ana sauti nzito, ya kifuani, ina ukwaruzo kidogo. Ya Emily iko juu, laini, inateleza. Ungetegemea Emily aongoze na Amy aitikie mpaka mwisho. Hapana! Kila mmoja anatunga nyimbo zake peke yake, kisha wanakutana kupanga sauti na magitaa. Mwenye wimbo anaongoza. Wimbo mwingine ukija, nafasi inahama. Na yule asiyeongoza hakai nyuma kusema "ooh" na "aah". Anaingia na njia yake, mara nyingine na maneno yake, anapishana na mwenzake katikati ya mstari, wanaachana, wanakutana tena mwishoni. Kama umewahi kusimama karibu na jukwaa la Sikinde au Msondo ukasikia gitaa la solo linavyozungumza na rizimu, kila moja lina lake la kusema na hakuna linalomkanyaga mwenzake, basi umeshaelewa. Hawa wanafanya hivyo kwa koo zao.

Wimbo wa kwanza, Closer to Fine, ni wa Emily. Msichana anatafuta jibu la maisha yake. Anakwenda kwa daktari, anakwenda milimani, anakwenda kwa msomi mwenye shahada ya juu kabisa, miaka minne anakaa darasani. Kote huko anatoka na kitu kidogo, lakini jibu lenyewe moja halipo. Anachogundua ni kwamba majibu yako mengi, na kadiri anavyoacha kulikimbilia lile moja ndivyo moyo unavyotulia. Mliotazama filamu ya Barbie mwaka 2023 mmeshausikia: ndio ule anaouimba ndani ya gari akiondoka kwake kwenda ulimwengu wa kweli. Miaka zaidi ya thelathini imepita, na bado ndio uliochaguliwa kumsindikiza mwanamke anayetoka kwenda kujionea mwenyewe.

Hapa nataka nikae kidogo. Nyimbo za kumtia mwanamke nguvu tunazo, na nazipenda. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na katika Kijiti aliimba habari ya mwanamke aliyeuawa na haki iliyopinda, wakati ambapo watu wengi wangenyamaza. Siku hizi nyimbo nyingi zinaniambia mimi ni jeshi, mimi ni simba. Sawa, kuna asubuhi nazihitaji. Lakini kuna siku umerudi nyumbani kazi imekushinda, kodi ya nyumba inanukia, na wewe si simba wa aina yoyote. Siku hiyo ndiyo nawasikiliza hawa. Wanakiri woga. Wanakiri hawajui. Halafu mwenzake anaingia na sauti yake hapo hapo kwenye kukiri, na unahisi kabisa kuna mtu amekushika kiwiko. Hiyo kwangu ndiyo nguvu.

Wimbo wa tatu, Kid Fears, ni wa Amy, na ndio bora kuliko yote humu ndani, najua wengine watanibishia. Unahusu hofu za utotoni. Unaanza taratibu, karibu kama mtu anaongea peke yake gizani. Baadaye anaingia Michael Stipe, mwimbaji wa bendi ya roki ya R.E.M., na zinakuwa sauti tatu, kila moja na mstari wake, zinapandana kama mawimbi ya pale Coco kukiwa na upepo. Uvae hedifoni, tafadhali. Kwenye spika ya simu sauti mbili zinameza ya tatu.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Miaka kadhaa nyuma mimi na rafiki yangu wa kwaya tulitunga nyimbo nne, tukachanga hela, tukaenda studio moja hapa mjini. Prodyuza akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: chagueni mmoja awe msanii, mwingine aitikie, watu hawawezi kupenda wawili. Akamnyooshea kidole mwenzangu, kwa kuwa sauti yake ni ya juu. Tulipanda daladala kurudi Tabata bila kuongea. Nyimbo hatukuzirekodi. Yeye baadaye akaolewa Mwanza, mimi nikabaki na alto yangu.

Ndiyo maana nilipojua historia ya hawa nilishika kichwa. Walifahamiana shule ya msingi. Wakaanza kuimba pamoja sekondari. Albamu hii ikawapa tuzo ya Grammy mwaka 1990, na baada ya hapo kila mmoja amewahi kutoa albamu yake mwenyewe, Amy tangu 2001, Emily 2017, na wakaendelea kurudi kwenye jukwaa moja. Baba yake Emily ni mwanateolojia na mwanamuziki wa kanisa. Niliposoma hilo nikasema basi, kumbe ndiyo maana sauti zimepangwa hivi, huyu amekulia kwenye mambo ya kwaya.

Mapungufu? Yapo. Kiingereza chao ni kizito, kimejaa Biblia na ushairi, na mara nyingi Amy anayabana maneno, kwa hiyo tafuta mashairi yaliyoandikwa usome huku unasikiliza. Pia katikati albamu inakuwa nzito mfululizo. Blood and Fire, kwa mfano, ni maumivu matupu, mimi siuweki asubuhi.

Ukimaliza hii, nenda kwenye Hammer and a Nail, wimbo wa mwaka 1990. Emily anasema kufikiri peke yake hakutoshi, shika nyundo na msumari. Wale akina mama wa vikoba watauelewa kabla hata ya kutafsiriwa.

Wiki iliyopita nilimtumia rafiki yangu wa Mwanza Closer to Fine. Siku mbili kimya. Jana usiku akanirudishia sauti kwenye simu, ameimba kiitikio, anasikika yuko jikoni, maji yanachuruzika kwenye sinki. Ameimba sauti ya juu tu. Ya chini ameiacha wazi. Nikizima kamera hii, naenda kuirekodi.