Juno-106 ya kukodi Kampala: chipu imekufa, wao wanaita "uzamani"

Sifa za Roland Juno-106, sintesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe), sitazirudia hapa. Anayeitafuta kwa ajili ya muziki wa filamu anazijua, na asiyezijua atazipata kwa dakika moja mtandaoni. Ninachotathmini ni huduma ya studio moja ya Kampala, upande wa Ntinda, inayokodisha mashine hiyo na kujitangaza kwa watu wa filamu kwamba ina "mlio halisi wa sinema za miaka ya themanini". Nyota moja. Huenda nikaongeza nikifika mwisho, kwa sababu mashine yenyewe sina ugomvi nayo sana.

Ugomvi wangu ni sauti ya nne.

Juno-106 ina sauti sita, yaani inapiga noti sita kwa wakati mmoja, na ukiwa kwenye POLY 1 kila noti unayobonyeza hupewa sauti inayofuata kwa zamu. Hii yao, tano zilikuwa safi na moja ilikuwa inakaanga kama mafuta yaliyodondokewa maji: mkwaruzo, kisha noti inashuka nguvu, kisha inarudi yenyewe bila kuguswa. Katika wimbo wa klabu mkwaruzo huo ungefunikwa na ngoma. Chini ya mazungumzo ya filamu, ambapo noti tatu zinakaa sekunde ishirini bila kitu kingine, unasikika kuliko mwigizaji.

Nikamwita kijana anayesimamia chumba. Alikuja vipokea sauti vikiwa bado masikioni, akavua upande mmoja tu.

"Ssebo, hiyo ni analogi. Mashine ya 1984, ulitaka iimbe kama simu?"

Nikamwambia sauti ya nne ina chipu iliyokufa, ndiyo maana kila noti ya sita inakwaruza.

"Wateja wote wanaipenda hivyo hivyo. Huo ndio uzamani wenyewe. Hata Stranger Things ni hii hii." Akarudisha kipokea sauti sikioni, akaondoka.

Yaani bado nina hasira. Kukosa kujua si dhambi, lakini mtu anayelipwa kukodisha chombo, akageuza ubovu wake kuwa sifa ya chombo, anawaharibia kazi watu ambao hawatajua kwamba wameharibiwa. Basi tuliweke sawa hili la uzamani, maana linatumiwa ovyo.

Sintesaiza nyingi za miaka ya sabini zina osileta (vizalishi vya mawimbi ya sauti) zinazoongozwa na volti. Joto likipanda, noti inateleza. Ndiyo maana huwashwa mapema zikapate joto kabla ya kurekodiwa, na ndiyo maana sauti mbili za noti moja huwa hazilingani kabisa na zinasikika nene. Yamaha CS-80, aliyoitumia Vangelis katika Blade Runner ya 1982, ni ya ukoo huo. Juno-106 sivyo. Osileta zake zinatoa mawimbi ya analogi, lakini saa inayozipangia mwendo ni ya dijitali. Hazitelezi. Kwa hiyo yeyote anayekwambia Juno "inayumba kwa sababu ni ya zamani" hajawahi kuifungua, au anakuficha kitu.

Uzamani wa kweli wa Juno uko sehemu mbili. Ya kwanza ni filta, sehemu inayokata masafa ya sauti. Kila sauti ina filta yake, na hazikusetiwa sawasawa kabisa. Pandisha RES (mwitikio wa filta) hadi mwisho filta ianze kupiga mluzi yenyewe, kisha bonyeza noti moja mara sita: utasikia miluzi sita inayokaribiana bila kufanana. Hiyo ni dhahabu kwa tukio la hofu. Ya pili ni korasi, sehemu inayoinenepesha sauti, ambayo inavuma. Ukibonyeza CHORUS I au II utasikia upepo hata bila kugusa noti. Huo si ubovu. Mvumo wa korasi ni sawa muda wote, haujali noti gani umebonyeza. Rekodi sekunde kumi za mvumo mtupu kabla ya kupiga, programu ya kusafisha kelele itauchukua kama kielelezo, kisha punguza kidogo tu, kwa sababu ukiufuta wote unabaki na sauti iliyokauka.

Mkwaruzo unaokuja na noti moja kati ya sita hauko katika kundi lolote kati ya hayo. Hiyo ni chipu inayoitwa 80017A. Ziko sita, moja kwa kila sauti, na kila moja imebeba filta na kidhibiti cha nguvu ya sauti. Kiwandani zilifunikwa kwa resini, na resini hiyo ikizeeka huanza kuvujisha umeme kidogo kati ya miguu ya sehemu zilizomo ndani. Ndipo mkwaruzo unapoanza. Baadaye sauti inakufa, au inabaki wazi na kulia hata hujagusa kitu. Ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwa mashine hii, na una dawa.

Dawa ni mbili. Ya bei nafuu ni kuing'oa chipu, kuiloweka kwenye asetoni siku mbili tatu hadi resini ilainike, kuibandua taratibu na kuirudisha. Asetoni iwe safi, ya duka la kemikali. Ile ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa na maji na mafuta, itakuchelewesha na kuacha utando. Na usiikwangue resini kwa kisu kabla haijalainika, vipande vilivyo chini yake ni vidogo mno na vinang'oka nayo. Hatari kubwa zaidi ni kwenye kutoa solda: njia za shaba kwenye bodi hiyo ni nyembamba, fundi wa redio mwenye pasi ya moto mwingi atazinyanyua zote. Apige kwanza solda mpya, kisha avute kwa pampu, asilazimishe. Na aweke soketi, ili siku nyingine ibadilishwe bila moto. Dawa ya pili ni kununua chipu mpya za kuigiza zinazotengenezwa siku hizi, kuweka zote sita, kisha kusawazisha upya filta na nguvu ya kila sauti. Wasipokwambia wamesawazisha, hawajamaliza kazi.

Kampala ina mafundi wa kuifanya kazi hii. Sio muujiza. Ni uvivu tu wa mwenye studio.

Sasa hilo la Stranger Things. Muziki wa kufungulia tamthilia ile, wa Kyle Dixon na Michael Stein, ulioshinda Emmy mwaka 2017, roho yake ni noti zinazopanda na kushuka moja moja huku filta ikifunguka. Juno-6 na Juno-60 zina kitufe cha kuzipandisha noti hivyo. Juno-106 haina. Ukitaka kupata kitu cha aina hiyo lazima utume noti kwa midi (waya wa kupeleka noti na data kati ya vyombo) kutoka kwenye kompyuta. Ukutani pia wamebandika picha ya Blade Runner. Kwenye CS-80 kila kitufe kinahisi jinsi kidole kinavyokibana, kila noti inafunguka kivyake, ndipo zile tarumbeta za Vangelis zinapovimba. Vitufe vya Juno-106 havihisi hata nguvu ya kupiga. Unaweza kukaribia kwa kuiongoza filta kupitia wenzo wa kushoto: kwenye vitelezi vyake weka DCO (noti) sufuri, VCF (filta) juu kidogo, usukume wenzo kulia polepole wakati noti zimeshikwa. Zitavimba zote pamoja. Si kitu kile, ila kinafaa.

Mbali na hayo, sikiliza Midnight Express ya Giorgio Moroder, 1978, iliyoshinda Oscar ya muziki. Sikiliza Escape from New York ya John Carpenter na Alan Howarth, 1981. Noti zinapepea, bezi inatetemeka. Nani amesikia humo noti moja kati ya sita inakaanga?

Kazi niliimaliza, na hapa ndipo hukumu yangu inapoanza kuyumba. Ukibonyeza POLY 2, mashine haizungushi zamu, inaanza na sauti ya kwanza iliyo wazi. Ukishika noti tatu tu, sauti ya nne haiitwi. Gharama yake ni kwamba mkia wa noti unakatwa ukipiga nyingine, kwa hiyo kila mabadiliko unarekodi kwenye mstari wake na kuunganisha baadaye. Ujanja huu unafaa tu kama chipu mbovu haijafika hatua ya kulia yenyewe, na kama ubovu haupo kwenye sauti tatu za kwanza.

Na hizo sauti tatu, jamani! Weka wimbi la msumeno, sub (wimbi la oktavu moja chini) nusu, filta robo, ENV (mwendo wa noti tangu kubonyezwa) ifunguke taratibu, CHORUS I. Sijapata programu inayokaa chini ya picha namna hii, ingawa TAL-U-NO-LX, programu ya kompyuta inayoiga Juno ninayoitumia kila siku, inakaribia sana. Kitelezi cha HPF (filta ya kukata bezi) ndicho watu wanachokisahau: kwenye 0 kinaongeza bezi, 1 kinaacha ilivyo, 2 na 3 vinakata. Chini ya mazungumzo mimi naweka 2. Na kama filamu itaishia kwenye kibanda cha video, ambapo VJ atatafsiri juu ya kila kitu kwa spika zilizojaa bezi, usijaze katikati kabisa. Mwachie VJ nafasi yake, la sivyo ataipunguza filamu yote.

Kama filamu ina amadinda, marimba ya mbao ya Kiganda, acha kabisa noti tatu. Mpangilio wa noti za Kiganda ni tano zinazokaribia kugawana oktavu sawasawa, Juno imefungwa kwenye kumi na mbili za piano. Ukiweka noti ya tatu ya skeli ya piano chini ya amadinda zinagombana hadi meno yanauma. Tumia noti moja na sub yake, kisha zungusha kitufe cha TUNE cha nyuma hadi noti hiyo ilale na ubao mmoja wa amadinda. Moja tu. Haikupi zaidi.

Kwa mlio huo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Nne, kama wangebadilisha chipu.

Kisha nikaenda kurudishiwa dhamana. Kijana yule yule akaketi, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akasema, "Hii sauti inakwaruza. Umeiharibu." Ile ile iliyokuwa uzamani asubuhi, jioni imekuwa uharibifu wangu! Nikamkumbusha maneno yake. Akasema yeye hajui mambo ya chipu, bosi ndiye ameagiza. Bosi hapokei simu.

Kwa hiyo anayekwenda kukodi Juno-106, pale au kwingine, asitoe hata shilingi kabla ya hili. Iache iwake nusu saa, kwa sababu chipu nyingine huanza kukwaruza zikipata joto. Zima korasi, RES sufuri, filta wazi kabisa, VCA (kidhibiti cha nguvu ya sauti) iwe GATE, POLY 1. Bonyeza noti moja zaidi ya mara kumi na mbili, ukisikiliza kwa vipokea sauti. Au iwashe ukiwa umeshikilia KEY TRANSPOSE, kioo kitaonyesha namba ya sauti inayopigwa, na hapo hakuna wa kukubishia. Sauti ikikwaruza au kushuka ni 80017A. Ikikosa wimbi la msumeno au la mraba kabisa, shuku MC5534A, ambazo ziko tatu na kila moja inahudumia sauti mbili. Rekodi jaribio lote kwa simu, mkodishaji akiwepo na namba ya mashine ikionekana. Angalia pia kama ni ya Japani ya volti 100. Ikiwa hivyo, iwe na transfoma yake mbele ya umeme wetu wa 240, na ya wati 100 inatosha. Ukiwa na milio yako uliyoitengeneza, ihifadhi kwa midi kabla hujaondoka. Betri ya kumbukumbu ikiisha inafuta yote 128, na hawa sidhani wameigusa tangu wainunue.

Nyota moja. Picha ya kioo cha mashine ikionyesha namba 4 ninayo kwenye simu, na sehemu ya dhamana yangu bado iko kwao.