Jioni ya picha Mkomani: shilingi 300 na kamba ya mita 22

Katika nyumba moja ya kale mtaani Mkomani, hapa Lamu, kila Alhamisi baada ya sala ya Isha huandaliwa jioni ya picha na maelezo kwa kiingilio cha shilingi 300, pamoja na kahawa chungu na kipande cha halua. Nilihudhuria ile iliyohusu historia ya kuchunguzwa kwa pango la Krubera, lililomo katika mlima wa Arabika, Abkhazia, juu ya ufuo wa Bahari Nyeusi. Nakiri kwamba nilipanda ngazi kwa shaka, maana sisi ambao mlima wetu ni fungu la mchanga la Shela sikuona shimo la Kaukasia lingetuhusu nini.

Shaka hiyo iliondolewa na kamba. Kabla ya kuonyesha picha yoyote, msimulizi alileta bunda la kamba ya kuvulia lililofungwa vitambaa vya rangi, kila sentimita moja ikiwa mita moja ya pango, akaiteremsha kutoka darini hadi kiwandani, yaani uani mwa nyumba. Ilipogusa sakafu, karibu nusu yake ilikuwa bado mikononi mwake, ikabidi mtoto aivute kupitia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, mpaka kichochoroni. Kitambaa cha kwanza kilikuwa karibu na vidole vyake, sentimita 57 tu: hapo ndipo Wajojia waliolivumbua pango mwaka 1960 walipokomea. Nahodha mmoja aliyeketi nyuma yangu akauliza kina chote cha pango ni pima ngapi, akajibiwa kuwa ni kama 1,200, akanyamaza.

Uzuri wa masimulizi yale ni kwamba hayakuwa sifa za mashujaa, bali habari za watu waliokwama. Wachunguzi kutoka Kyiv walifanya kazi humo miaka ya 1980, wakaliita Voronya, yaani pango la kunguru, kwa ajili ya ndege waliojenga viota mlangoni (ukumbi mzima ulicheka, kunguru tunawajua), na kufikia 1987 walikuwa wameshuka mita 340 tu. Kilichowafanya wasikate tamaa ni maji. Mwaka 1984 rangi iliyomiminwa katika mashimo ya juu mlimani iliibuka kwenye chemchemi zilizo kandokando ya bahari, ikathibitika kwamba njia ya maji ipo kutoka juu hadi chini, hata kama mwanadamu hajaipata. Hapa msimulizi alikaa muda mrefu, akaeleza jinsi mvua inavyoyeyusha mawe ya chokaa, akataja na maji matamu yaliyo chini ya mchanga wa Shela, yanayojaza visima vyetu. Ilikuwa sehemu bora ya jioni.

Baada ya vita vya Abkhazia vya 1992 na 1993, njia ilipatikana mahali walipokuwa wakipita siku zote: dirisha lililo ubavuni mwa kisima cha pango, yaani shimo lake la wima, ambalo mwaka 1999 liliwafikisha mita 700. Januari 2001 walifika mita 1,710, wakalipita pango la Lamprechtsofen la Austria lililokuwa likishika rekodi, na Oktoba 2004 wakavuka mita 2,000, jambo ambalo halikuwahi kufanywa popote. Kitambaa cha mwisho kilikuwa cha 2012, Gennady Samokhin alipopiga mbizi katika maji ya chini kabisa hadi mita 2,196.

Kasoro zipo. Projekta ni dhaifu na shuka iliyotundikwa ilipepea, hata picha za visima vya ndani zikawa weusi mtupu. Pango la Berger la Ufaransa, la kwanza kufikishwa zaidi ya mita 1,000, mwaka 1956, halikutajwa hata kwa neno moja. Kubwa zaidi, tuliambiwa kwamba Krubera bado ndilo refu kuliko yote kwa kina, ilhali pango la Veryovkina, katika mlima uo huo, lililipita mwaka 2017 na mwaka uliofuata likapimwa mita 2,212. Kijana mmoja alisimama akasahihisha kwa adabu. Msimulizi hakubisha; aliomba uzi, akapima sentimita 16, urefu usiofika shibiri, akauunga papo hapo kwenye ncha ya kamba.

Ngazi ni za wima na hazina taa, kwa hivyo wazee waje na tochi na mtu wa kuwashika mkono. Viti havitoshi, mikeka ipo.