Shokapu nazisifu, gereji iliyozifunga siisifu: uzoefu wangu wa kuboresha IST hapa Dodoma

Natanguliza hukumu ili anayesoma kwa haraka asipoteze muda. Shokapu za gesi nilizonunua kwa ajili ya Toyota IST yangu ni nzuri, na gereji iliyozifunga, ambayo iko hapa hapa mjini na ambayo sitaitaja jina, iliziharibu kwa mikono yake yenyewe kisha ikanidhalilisha nilipokwenda kuuliza. Sina hakika kama hukumu hiyo itabaki ilivyo hadi mwisho wa maelezo haya, kwa sababu kila ninapokumbuka maneno niliyoambiwa pale kaunta, hasira inapanda upya.

Gari hili ndilo linalonipeleka kazini kila siku. Ninaishi Nala, upande wa barabara ya Singida, na ofisi yetu ilihamia Mji wa Serikali kule Mtumba, takribani kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji, kwa hiyo asubuhi na jioni naukata mji wote. Kwenye lami kero ni matuta na rasta tu. Kazi iko kwenye kipande cha vumbi kati ya lami na nyumbani, ambacho kina mawimbi madogo madogo yanayochongwa na magari yenyewe, na korongo moja lililo kavu sehemu kubwa ya mwaka lakini kuanzia Desemba hadi Aprili linajaa tope na mawe. Kila mara ninapokwenda kumwona mama kijijini Bahi, sirudi mikono mitupu: kuna magunia ya mtama au uwele, kuna kuku, na hawakosekani ndugu wawili watatu wanaoomba lifti ya kuja mjini. Shokapu za zamani zilikuwa zimekufa. Ukibonyeza boneti na kuachia, gari lilipanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia, ilhali shokapu nzima hulituliza kwa mpando mmoja tu, na tairi za mbele zilikuwa zimeanza kulika kwa mabonde mabonde.

Nilipoanza kuulizia, karibu kila mtu alikuwa na jibu moja tu: nyanyua gari. Njia ya bei nafuu ni spesa, yaani kipande cha aluminiamu au raba ngumu kinachowekwa juu ya maunting, yaani kishikizo cha juu cha shokapu, ili mwili wa gari ukae juu zaidi. Siwalaumu wanaoiweka, kwa sababu kimo wanakipata kweli na sampo, lile bakuli la mafuta chini ya injini, haigongi tena mawe. Lakini springi inabaki ile ile, na shokapu iliyochoka inabaki imechoka, isipokuwa sasa uzito umepanda juu na gari linalala zaidi kwenye kona. Ekseli za mbele nazo zinalazimika kuzunguka kwa pembe kali kuliko zilivyokusudiwa, raba zinazofunika jointi zake zinapasuka mapema, na vumbi letu jekundu likishaingia kwenye grisi, jointi haidumu. Huo si uboreshaji kwa mtu anayeendesha kila siku. Huko ni kuhamisha tatizo kutoka chini ya gari na kulipeleka kwenye ekseli.

Upande wa pili kuna koilova, yaani shokapu na springi zilizoungwa pamoja, ambazo muuzaji wa gereji ile alinisukumia kwa bidii kubwa. Ni kweli kwamba unaweza kurekebisha kimo kwa kuzungusha ringi kwenye nyuzi za shokapu, na nyingine hukuruhusu kuongeza au kupunguza ugumu. Tatizo ni kwamba nyingi zimebuniwa kushusha gari na kulikazia kona kwenye lami laini. Safari yake ya kupanda na kushuka ni fupi, na nyuzi zile zikishajaa vumbi na tope la korongoni, ringi zinaganda, na uwezo wa kurekebisha uliolipia unabaki kwenye boksi. Springi ngumu zaidi niliziacha kwa sababu nyingine. Zinamfaa mtu anayebeba mzigo kila siku, lakini mimi siku nyingi niko peke yangu na mkoba, na springi ngumu kwenye gari tupu hukurusha kwenye kila tuta, hasa ikiwa shokapu haina nguvu ya kuizuia.

Kwa hiyo nilichagua jambo ambalo wengi hawaliiti hata maboresho: shokapu nne mpya za gesi za kimo cha kawaida, za kampuni ya Kijapani yenye sifa, pamoja na maunting mpya, raba mpya za kuzuia mgongano, na vifuniko vipya vya vumbi, huku springi za kiwandani zikibaki kwa sababu zilipimwa zikaonekana bado nzima. Springi kazi yake ni kubeba uzito, na shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza. Ndani yake mafuta yanalazimishwa kupita kwenye matundu madogo ya vali, na nguvu ya mruko inageuka kuwa joto. Kwenye barabara yenye mawimbi kama ya kwetu, shokapu inafanya kazi hiyo mfululizo bila kupumzika, mafuta yanapata moto na kuanza kutoa povu, na povu haliwezi kuzuia chochote. Gesi ya naitrojeni iliyotiwa ndani kwa shinikizo hupunguza povu hilo, na hiyo ndiyo faida niliyokuwa nailipia. Muuzaji alicheka, akasema ninarudisha gari lilipokuwa badala ya kulipeleka mbele. Nilinyamaza, nikalipa, nikachukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya vifaa, na ya ufundi nikaandikiwa kwenye karatasi ya kawaida.

Wiki za mwanzo zilinipa raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Mabasi yakinipita kwa kasi upande wa Ihumwa, gari halikuyumba tena kutafuta bega la barabara. Nikifunga breki, pua haikuzama. Hata mama, ambaye hajali mambo ya magari, alisema safari hii mgongo haujamuuma. Siyapunguzi haya hata kidogo, na ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa sababu nilionjeshwa kitu kizuri kisha nikanyang'anywa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Mvua zilikuwa hazijaanza nilipoanza kusikia mlio mbele upande wa kushoto, mlio mkavu wa kugonga kila nilipopita rasta. Baadaye nikaona michirizi ya mafuta kwenye mwili wa shokapu, vumbi limegandia juu yake na kuwa tope. Shokapu mpya haipaswi kutoa mafuta hivyo. Sikutaka kurudi kwa wale wale kabla ya kupata macho mengine, nikaenda kwa fundi mmoja mzee maeneo ya Chang'ombe, anayefanya kazi chini ya mti na ana zana chache kuliko gereji yoyote ninayoijua. Alipiga jeki, akatoa tairi, akainua kifuniko cha vumbi, akaniita: «Mwanangu, njoo uone kwa macho yako, kesho usije kuambiwa mzee amekudanganya.»

Kwanza kabisa, kifuniko kile kilikuwa cha zamani, kimepasuka, ilhali nilikuwa nimelipia kipya. Na chini yake, kwenye rodi ya shokapu, ile fimbo ya chuma inayong'aa, kulikuwa na alama za meno ya koleo. Zilikuwa wazi, mistari imepangana, imekatika ndani ya chuma.

Naomba nieleze jambo hili taratibu kwa sababu ndilo kiini cha malalamiko yangu yote. Rodi ile imepakwa kromu na kusuguliwa hadi kuwa laini, na laini hiyo si ya urembo. Kila gari linapopita tuta, rodi inapita katikati ya sili ya raba inayozuia mafuta na gesi visitoke na vumbi lisiingie. Fundi anapokaza nati ya juu, rodi huzunguka pamoja na nati, na kwa sababu hiyo watengenezaji wameweka kwenye kichwa cha rodi mahali maalumu pa kushikia kwa spana au kwa ufunguo wa pembe sita. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye zana na nia. Mtu asiyetaka kutafuta ufunguo anachukua koleo na kuing'ata rodi yenyewe katikati, anakaza nati, anashusha kifuniko, na hakuna atakayejua. Kuanzia siku hiyo kila mkwaruzo unapita kwenye sili kama msasa, unaikata kidogo kidogo, mpaka mafuta yanatoka. Hakuna barabara inayofanya alama za meno.

Nilirudi gereji nikiwa na picha kwenye simu na nikiwa na adabu zangu zote. Nilimsalimia mwenye gereji, nikasema, «Kaka, naomba tuangalie pamoja rodi ya upande wa kushoto, kuna alama za koleo.» Hakuinuka. Hakuichukua simu. Alisema barabara za huko Nala ndizo zinazoua magari, kwamba waranti inahusu shokapu na haihusu matumizi mabaya, na kwamba IST ni gari la mjini. Nilimwambia sizungumzii barabara, nazungumzia koleo. Hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza na kusema mbele ya wateja wengine, «Dada, haya mambo ya ufundi yatakuchosha bure. Mwambie mzee wa nyumbani aje, tutaongea naye vizuri.»

Gari ni langu. Kadi ina jina langu. Pesa zilitoka kwenye mshahara wangu, na mimi ndiye niliyekaa usiku nikilinganisha aina za shokapu wakati yeye alikuwa anataka kuniuzia koilova. Mteja mmoja alicheka. Kijana aliyefunga shokapu alikuwa amesimama pale pale, akainamisha kichwa, hakusema neno, na sijui kama alikuwa na aibu au alikuwa anaogopa kazi yake. Nilimwomba mwenye gereji anioneshe ufunguo wanaotumia kushikilia rodi wakati wa kukaza. Alisema wateja wengine wanasubiri.

Baada ya hapo kila nilichokuwa nimekisifu kuhusu mahali pale kimegeuka. Makochi yao safi na maji ya kunywa ya bure sasa nayaona kuwa yamewekwa ili mteja asiende kuangalia kinachofanyika chini ya gari lake. Mzee wa Chang'ombe aliendelea kukagua, akakuta raba za jicho la chini la shokapu za nyuma zimejisokota, dalili kwamba nati zilikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, badala ya kukazwa tairi zikiwa zimebeba uzito. Raba iliyokazwa hivyo inabaki imepindwa maisha yake yote na huchanika mapema. Alaimenti, yaani kupima mkao wa tairi, nayo waliniambia si lazima, wakati shokapu za mbele za gari hili ndizo zinazoshikilia mkao wa tairi, na ukishazifungua boliti zake lazima upime upya. Hata naanza kushuku kama springi zangu zilipimwa kweli au zilitazamwa tu kwa mbali.

Kwa hasira niliyonayo nilitaka kuandika kwamba mwenye gari la kila siku asiguse kabisa mambo ya kuboresha, abaki na alichonacho hadi kivunjike. Siwezi kuandika hivyo, kwa sababu upande wa kulia, ambao kwa bahati ulikazwa na mtu mwingine au kwa zana nyingine, shokapu ilikuwa bado kavu na imara. Lakini pia siwezi tena kusema «ni nzuri» kama nilivyosema mwanzoni, bila masharti. Shokapu nzuri iliyong'atwa ni mbovu kuliko ya bei rahisi iliyofungwa kwa heshima, na mimi nimelipia ile nzuri mara mbili: shokapu hubadilishwa kwa jozi kwenye ekseli moja ili pande zote zitulize sawasawa, kwa hiyo nimenunua mbele zote mbili upya, za aina ile ile. Mzee amezifunga nikiwa nimesimama kando yake, kichwa cha rodi kimeshikwa kwa ufunguo, vifuniko vipya, nati za chini za shokapu za nyuma zimekazwa upya gari likiwa limesimama kwa miguu yake, kisha nikaenda kupima alaimenti siku hiyo hiyo. Gari limerudi kuwa lile la wiki za mwanzo.

Shokapu iliyoharibiwa sikuitupa. Nimepeleka gereji barua yenye nakala ya risiti na picha za rodi, nikidai fedha za shokapu ile, za vifuniko vya vumbi ambavyo havikufungwa, na za ufundi wote. Waliipokea na kusaini. Hawajajibu. Wasipojibu, malalamiko yatakwenda Tume ya Ushindani, inayolinda walaji, na nitakwenda kuyawasilisha mwenyewe, si mzee wa nyumbani.