Mlo wa mchana kabla ya kupanda ndege Kigoma: uzoefu wangu

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Kigoma kwenda Dar es Salaam kwa ndege ya saa tisa alasiri. Kwa kuwa sikutaka kutegemea kitafunwa cha ndani ya ndege hadi jioni, niliamua kukaa mezani na kula mlo kamili katika mgahawa ulio jirani na uwanja, ambako nilifika saa sita kasoro robo nikiwa na begi moja na boksi la dagaa.

Nilianza kuuamini mgahawa huo kwa swali la kwanza la dada aliyenihudumia. Baada ya kuniamkia, hakuniuliza nitakula nini, bali aliniuliza, "Baba, ndege yako ni saa ngapi?" Nilipomjibu, alinishauri nisiagize kuhe wa mchuzi, kwani angechukua karibu saa nzima, ila mgebuka wa kukaanga angekuwa tayari upesi. Aliongeza kwamba samaki walikuwa wachache siku hizo kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu. Aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anaelewa maana yake: dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitanda ziwani, taa za wavuvi haziwavuti samaki kama usiku wa giza. Mhudumu anayesema ukweli huo badala ya kumletea msafiri kiporo anastahili sifa.

Chakula kililetwa baada ya dakika 25. Mgebuka alikuwa mzima, amechanjwa mbavuni mara tatu, ngozi yake imekauka kiasi cha kuvunjika kwa kidole, ilhali nyama iliyoshika uti wa mgongo ilikuwa bado na majimaji yake. Ugali wa muhogo ulivutika vizuri, na sombe, yaani kisamvu, ilikuwa imetwangwa ikalainika, ikiwa na mawese ya kutosha kuacha mstari wa rangi ya chungwa pembeni mwa sahani. Nilipomaliza, nililetewa maji ya vuguvugu, sabuni na kipande cha limau, jambo nililolithamini sana, kwa sababu harufu ya samaki vidoleni si haki kwa abiria utakayeketi naye bega kwa bega.

Kasoro ilikuwa kwenye malipo. Nilidaiwa shilingi 13,000, nikatoa noti mbili za 10,000, na chenji haikuwapo. Tulijaribu kulipa kwa simu, lakini mtandao ukagoma, hivyo kijana akatumwa dukani na mimi nikabaki kuitazama saa ya ukutani kwa dakika 20 huku nikiwaona abiria wenzangu wakishuka kwenye bajaji na kuelekea kupima mizigo. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mtu aliyeachwa na ndege hawezi kuifidia safari hiyo jioni ile ile. Mgahawa unaomuuliza mteja saa ya ndege yake unapaswa kuwa na chenji tangu asubuhi, au umtoze pale anapoagiza. Nilimweleza msimamizi hivyo kwa upole, naye alilipokea.

Nitarudi kula hapo, nami nitalipa kwanza. Siku hiyo boksi langu la dagaa liliwekwa kwenye mizani saa saba na dakika 10, nyuma ya foleni ndefu.