Kozi ya kuzamia ya mtandaoni: bwawa likifungwa, ni tarehe gani inayosogezwa?

Kozi za kuzamia siku hizi huuzwa nusu kwa nusu. Nadharia unaisoma mwenyewe kwenye simu au kompyuta, halafu unakwenda kwa mkufunzi kwa ajili ya bwawa na maji ya wazi, yaani baharini au ziwani. Nusu ya kwanza imetengenezwa vizuri: video fupi, michoro inayoeleweka, maswali kila baada ya mada, na ukikosa jibu unarudishwa kwenye somo lenyewe. Kwa Open Water Diver, kozi ya wanaoanza ya shirika la mafunzo ya kuzamia la PADI, mtihani wa mwisho una maswali 50 na kufaulu ni asilimia 75. Tunachokipima hapa ni huduma unayoipata nusu ya pili inapokwama: dhoruba imechachamaa, mkufunzi ameugua, kituo kimefunga milango, au kila kitu kimesimama kama mwaka 2020, mabwawa na mipaka ilipofungwa.

Kuongezewa muda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na ukiomba mapema ni nadra kubishiwa. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi husogezwa tarehe moja na nyingine zinaachwa zilivyo, na mwanafunzi hagundui mpaka afike kituoni na begi lake mgongoni.

Maana tarehe haziko moja. Ya kwanza ni ya kufungua masomo, ambayo kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya kununua au ya kuingiza namba ya kozi. Ya pili ni uhai wa kumbukumbu ya kufaulu nadharia: ukishamaliza mtihani, matokeo hayo yanatambuliwa kwa muda maalumu, aghalabu miezi 12. Ya tatu ni ya fomu ya rufaa, ile anayokujazia mkufunzi uliyeanza naye ili ukamalizie kwa mwingine. Hii hudumu miezi 12 tangu sehemu ya mwisho ya mafunzo uliyokamilisha. Ya nne ni fomu ya afya, nayo ni miezi 12, au chini ya hapo hali yako ikibadilika.

Sasa mwanafunzi anaandika kwa huduma kwa wateja: “Naomba kuongezewa muda.” Anajibiwa siku hiyohiyo kwamba ameongezewa miezi mitatu au sita, anashukuru, anafunga simu. Kilichosogezwa ni tarehe ya kufungua masomo, wakati yeye alishafaulu mtihani na hana haja ya kufungua chochote. Kumbukumbu yake ya nadharia inaendelea kuzeeka palepale. Hili ndilo kosa kubwa la huduma hizi, na halitokani na ubaya wa mtu. Ukurasa wa mwanafunzi huonyesha tarehe moja tu, kwa hiyo pande zote mbili huamini kwamba ndiyo pekee iliyopo.

Ombi linalofanya kazi hutaja tarehe kwa jina lake. Liandikwe hivi: “Nilimaliza sehemu zote za nadharia na mtihani tarehe fulani. Bwawani nimekamilisha mafunzo 3 kati ya 5, la mwisho tarehe fulani. Kituo kimesimamisha mafunzo kwa sababu hii. Naomba uhai wa kumbukumbu ya nadharia usogezwe hadi tarehe fulani, na nithibitishiwe kwa maandishi.” Weka namba yako ya mwanafunzi, jina la kituo ulichounganishwa nacho, na ujumbe wa kituo unaosema mafunzo yamesimama. Ujumbe huo wa kituo ndio unaoharakisha mambo kuliko maelezo marefu. Likitumwa tarehe ikiwa bado hai, mara nyingi linamalizwa na mtu wa kwanza anayelisoma. Tarehe ikishapita, linapandishwa ngazi, na hapo huenda ukaambiwa urudie mtihani au ulipie upya.

Jibu likija, usiishie kwenye neno “tayari”. Ingia kwenye akaunti, angalia tarehe mpya, piga picha ya skrini. Wakati mwingine tarehe hubadilika upande wako lakini kituo, kikifungua orodha yake, bado kinaona ile ya zamani. Mwombe mkufunzi aangalie upande wake kabla hamjapanga siku ya bwawa.

Kuna hitilafu nyingine ambazo watu huziita kuisha muda, kumbe siyo. Iliyo maarufu ni ya masomo yaliyopakuliwa kwenye simu. Ukisoma bila intaneti, majibu yako hubaki ndani ya simu mpaka utakapounganisha na programu iyapeleke. Ukiifuta programu kabla ya hapo, au ukibadilisha simu, mfumo utakuona umeishia katikati ingawa ulifika mwisho. Muda ukiongezwa juu ya hali hiyo unakuwa umeongezwa kwa kozi isiyokamilika. Unganisha kwanza, subiri asilimia isome 100, ndipo uombe. Nyingine ni akaunti mbili: moja uliyofungua mwenyewe, nyingine iliyofunguliwa na kituo kwa barua pepe tofauti. Ombi linaidhinishwa kwenye akaunti tupu na ile yenye masomo inakufa. Hapo omba ziunganishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Na kituo kikifunga moja kwa moja? Nadharia ni ya mwanafunzi, haizikwi na kituo. Unachoomba ni kuhamishwa uunganishwe na kituo kingine, jambo ambalo shirika la mafunzo linaweza kulifanya. Fedha za bwawa na za maji ya wazi ni habari nyingine: hizo ulilipa kwa kituo, na shirika halizishiki. Ndiyo maana tunawashauri wanunuzi waombe stakabadhi mbili tangu mwanzo, ya masomo peke yake na ya mafunzo ya majini peke yake. Bei ikiwa imefungwa pamoja, ni kazi ngumu kudai sehemu usiyotumikiwa.

Fomu ya rufaa tunaipa sifa ya pekee, kwa kuwa wengi hawaijui nguvu yake. Kwa vile miezi yake huhesabiwa tangu sehemu ya mwisho iliyokamilika, bahari ikichafuka lakini bwawa likiwa wazi, maliza bwawa lote. Kila fungu linalokamilika linaisukuma tarehe mbele bila kumwomba mtu. Mkufunzi aandike kwa kila fungu tarehe, jina lake, namba yake na sahihi. Fomu yenye alama ya vema bila tarehe ni sababu tosha ya mkufunzi wa pili kuikataa, na ana haki. Kilichobaki kwa rufaa iliyokamilika upande wa bwawa ni mizamo 4 ya maji ya wazi, kwa siku zisizopungua mbili, miwili ya mwanzo isizidi mita 12 na mingine isizidi mita 18.

Fomu ya afya hakuna huduma kwa wateja inayoweza kuisogeza, na kwa haki kabisa. Toleo linalotumika sana lilitolewa mwaka 2020. Lina maswali 10 ya mwanzo, kisha visanduku vya maswali ya ziada, A hadi G. Ukijibu ndiyo kwenye swali la 3, la 5 au la 10, au kwenye swali lolote la visanduku, unahitaji sahihi ya daktari kabla ya kugusa maji. Swali la 3 linauliza kama unapata shida kufanya mazoezi ya wastani, mathalani kutembea kilomita 1.6 kwa dakika 14. La 5 ni upasuaji. La 10 ni dawa unazotumia. Aliyekaa mwaka mzima akisubiri kituo kifunguliwe anaweza kuwa ameugua kifua au ameanza dawa mpya katikati. Jaza upya kwa ukweli, na ujaze wiki kadhaa kabla ya safari, si kwenye ukingo wa bwawa.

Hapa tunafika kwenye upungufu unaotuudhi zaidi. Muda unaongezwa, lakini maarifa hayaongezwi pamoja nao. Hakuna huduma nzuri inayopaswa kumpa mtu miezi sita ya ziada bila kumpa marejeo. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani mwaka jana bado anakumbuka kwamba hatakiwi kuzuia pumzi; lakini muulize kwa nini (mita 10 chini shinikizo huwa bar 2, mara mbili ya juu ya maji, na hewa aliyoivuta huko hupanuka mara mbili akifika juu), ataanza kutafuta maneno. Ataisahau kasi ya kupanda, saa za kusubiri kabla ya ndege (12 baada ya mzamo mmoja, 18 baada ya mizamo ya kurudiarudia) na namna ya kusoma muda uliobaki kwenye kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi. Huduma zinazofungua tena maswali ya kila sehemu wakati wa kuongeza muda tunazipa alama ya juu. Zinazobadilisha tarehe tu, hapana.

Kwa mikono ni hivyohivyo. Kutoa maji kwenye maski, kuitafuta regileta (kifaa cha kupumulia) iliyochomoka mdomoni, kutulia bila kugusa sakafu: hivi hupotea haraka, na kutulia ndiko kunakotangulia kupotea. Mkufunzi anayepokea rufaa atakupima bwawani kabla ya kukupeleka baharini, na akitaka urudie mazoezi yu sahihi, hata kama karatasi zako zote ni hai. Kwa maoni yetu, pengo likizidi miezi sita, lipia kipindi kimoja cha bwawa bila kungoja kuambiwa. Ogelea mita 200 na uelee dakika 10 nyumbani kwanza, maana majaribio hayo mawili yanaweza kuombwa tena.

Je, inunuliwe? Ndiyo, na mwenye ratiba isiyotabirika ndiye anayefaidika zaidi, kwa sababu nadharia haifungwi na hali ya hewa. Ila usiinunue kwa kuwa kuna punguzo. Saa huanza kuhesabu ukiinunua kozi au ukiiamsha kwa kuingiza namba yake, na kwa kawaida fedha hazirudi ukishafungua somo la kwanza. Pata kwanza tarehe ya bwawa, inunue na uiamshe kozi wiki nne hadi sita kabla yake, na uulize maswali mawili kwa maandishi kabla ya kulipa: kumbukumbu ya nadharia huishi muda gani baada ya mtihani, na nani mwenye mamlaka ya kuisogeza, kituo au shirika. Wakikujibu kwa kutaja tarehe ya kufungua masomo peke yake, uliza tena.