Vepu ya kwanza kwa anayetoka kwenye sigara: angalia kwanza kama juisi inaonekana

Vepu yangu ya kwanza, yaani sigara ya umeme, niliinunua shilingi 95,000, na siku ya nne tu nilikuwa nimesimama dirishani dukani kwa Mangi hapa Kisasa, Dodoma, saa nne usiku, naomba sigara mbili za SM na kiberiti.

Nisimulie ilivyokuwa, maana wengi mnaoniandikia tangu niseme nimeacha sigara mmepatwa na kitu kilekile. Umeme ulikuwa umekatika, nimekaa barazani. Mvuto wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili ladha ikafifia, wa tatu koo likawaka moto. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Nikaichomoa podi, kile kichupa kidogo kinachobeba juisi ya nikotini, nikaiweka mbele ya tochi ya simu nione juisi imebaki kiasi gani. Sikuona kitu. Podi ilikuwa nyeusi tii, na mwanga wa tochi haukupenya hata kidogo. Nikaitikisa sikioni kama mtu anayepima yai viza. Kimya. Ilikuwa imekauka, na hakukuwa na njia yoyote ya kulijua hilo kabla koo langu halijaniambia.

Mliokulia kwenye jiko la mchina mnaijua harufu ile. Mafuta ya taa yakiisha, utambi unaanza kujila wenyewe, na nyumba nzima inanuka. Ndani ya podi ni vivyo hivyo: kuna pamba inayonyonya juisi, na ndani ya pamba kuna koili, waya unaopata moto wa betri. Pamba ikiwa imelowa, unavuta mvuke. Pamba ikikauka, unavuta pamba iliyoungua. Na ikishaungua mara moja haiponi. Hata ukijaza juisi mpya, ule uchungu unabaki humo, lazima ununue podi nyingine.

Kwa mtu anayehama kutoka sigara jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Sigara inakuonyesha mwisho wake. Unaiona inavyopungua, unajua imebaki mivuto mitatu, unajua lini uizime. Miaka kumi na moja nilivuta kitu kinachoniaga kabla hakijaisha. Kisha nikapewa kifaa cha giza ambacho taarifa yake pekee ni kukuunguza koo, usiku, wakati maduka yote ya podi yamefungwa na kwa Mangi taa inawaka. Ndiyo maana watu wanarudi kwenye sigara wiki ya kwanza, halafu wanaambiwa hawana nia.

Kwa hiyo sitazipanga vepu kwa wati, rangi wala wingi wa moshi. Betri za vepu ndogo za siku hizi karibu zote zinamfikisha mvutaji wa kawaida jioni. Mimi nauliza swali moja kabla ya yote: nikiishika mkononi, naona juisi iliyobaki?

Ila kabla sijataja majina, nieleweke naandikia nani. Naandikia mtu mzima ambaye tayari anavuta sigara na amejaribu kuacha akashindwa. Kama huvuti, usianze. Kama una mimba au moyo unakusumbua, nenda hospitali uongee na mtaalamu, usimsikilize muuzaji wala mimi. Nikotini ya humu ni ileile na uraibu wake ni uleule. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kinachoungua. Ncha ya sigara ukiivuta inafika nyuzi joto 900 hivi, na kuungua huko ndiko kunakotoa lami na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Vepu inapasha tu juisi mpaka iwe mvuke. Wataalamu wa afya Uingereza wanasema madhara yake ni madogo kuliko ya sigara lakini yapo. Shirika la Afya Duniani halizipendekezi hizi za dukani kama njia ya kuachia sigara. Nawapa pande zote mbili. Mimi nilichagua nikijua.

Namba moja kwangu ni Vaporesso XROS 3, na sifichi kwamba naipenda. Podi yake ni angavu. Nikishuka kwenye daladala ya Mtumba asubuhi naitoa pochini, naitazama kama mtu anavyotazama saa, naona mstari wa juisi umefika wapi, nairudisha. Ikishuka chini ya robo najaza. Hiyo tu ndiyo tofauti kati ya kifaa hiki na kile cha 95,000, na tangu niwe nacho sijaunguza podi hata moja. Betri ni 1000 mAh, podi inabeba mililita 2, chaji ni Type-C, unajaza kwa juu. Ubavuni ina kitufe cha kusogeza kinachobana au kufungua hewa. Ukitoka kwenye sigara kibane. Mvutaji wa sigara anavuta kwanza mdomoni, ndipo anashusha kifuani, na hewa ikiwa wazi mno utahisi unavuta upepo wa Ihumwa, hushibi. Omba podi ya omu 1.0 au 1.2, namba ya ukinzani wa koili iliyoandikwa kwenye podi. Ukipewa 0.6 itakumalizia juisi upesi na mvuke utakuwa mwingi kuliko unaoutaka mwanzoni.

Kitu kingine kinachoniweka kwa XROS ni podi kuingiliana. Ndugu zake wa ukoo wa XROS wanatumia podi zilezile, kwa hiyo ukikosa zilizoandikwa 3, unachukua za mwenzake na maisha yanaendelea. Kwa mtu wa Dar hilo ni dogo. Kwa sisi tunaosubiri kifurushi kwenye basi, ni kubwa.

Namba mbili ni Uwell Caliburn G2. Hii ni ya mtu anayehesabu hela kwa muda mrefu, kwa sababu koili yake inachomoka peke yake. Ikichoka unabadilisha koili, podi inabaki. Ina kigurudumu cha kupimia hewa, na mvuto wake unakaribia sana wa sigara. Betri ni 750 mAh, ndogo kuliko ya XROS. Kilichoiweka ya pili kwangu mnakijua tayari: podi ina rangi ya moshi na juisi unaichungulia kwenye kidirisha. Mchana unaona. Usiku lazima uisogeze kwenye taa. Si kwamba haionekani kabisa, na kama ndiyo uliyoipata, ichukue kwa amani. Jizoeze tu kuiangalia kila ukimaliza kula, mchana na usiku.

Za kutupa naziweka ya tatu kwa kuwa zipo kila kona, na kwa sababu hiyo tu. Juisi huioni, koili hubadilishi, ikiisha unatupa betri nzima jalalani. Uingereza wamezipiga marufuku kuuzwa tangu tarehe 1 Juni 2025. Za elfu kumi na tano zisizo na jina sina la kuzisemea. Na yale makubwa kama tofali yanayotoa wingu chumba kizima si ya anayeanza. Ukiweka humo juisi kali ya podi utatapika na kizunguzungu kitakulaza.

Hapo kwenye juisi ndipo wengi mnapoumia bila kujua. Chupa zinazoletwa hapa mara nyingi zimeandikwa 5%. Hiyo ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita moja. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaishia 20. Mimi nilikuwa wa pakiti moja kwa siku na 20 ilinitosha. Wa sigara tano kwa siku aende chini zaidi. Uliza nikotini ya chumvi (salt nic), haikwaruzi koo sana. Kisha soma ubavuni mwa chupa namba mbili zinazojumlisha 100, ambazo ni uwiano wa PG na VG, vimiminika viwili vinavyotengeneza juisi. Kwa vipodi hivi vidogo chukua 50 kwa 50. Yenye VG 70 ni nzito kama asali, pamba inashindwa kuinyonya kwa wakati, na unaungua juisi ikiwa bado imejaa. Asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu hii inaifanya iwe nzito zaidi. Ishike kifaa kiganjani kidogo kabla hujavuta. Na podi mpya, ukishaijaza, iache dakika kumi pamba ilowe. Muuzaji wangu wa kwanza alinijazia akaniambia "vuta dada, usikie", papo hapo. Alikuwa ananiunguzia podi niliyoilipia.

Chupa ifiche juu kabisa, mbali na watoto. Harufu yake ni ya pipi na ikinywewa ni sumu.

Jambo la safari, maana nimeulizwa mara tatu: ukitoka Dar na SGR ukafika hapa ukakuta pochi imelowa, podi si mbovu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyobaki ndani ya podi inatanuka kadiri mnavyopanda, inasukuma juisi nje kupitia koili. Safiri na podi iliyojaa kabisa au tupu kabisa, iliyo nusu ndiyo inayovuja. Na hapa mjini, upepo wa Agosti ukianza kuleta vumbi, vika mdomo wa kifaa kifuniko, kama huna funga hata kileso.

Sasa wauzaji. Nimenyamaza vya kutosha.

Kwanza, "bei njoo inboksi". Umeweka picha, umeweka nyimbo, umeweka maua, bei huweki. Ukienda inboksi anakuuliza uko wapi. Ukisema Dodoma, bei inapanda, na bado nauli ya basi juu yako. Niliuliza kifaa kilekile kwa namba mbili siku moja, mimi nikijitaja niko Kinondoni na rafiki yangu akijitaja yuko Area D. Tulipishana shilingi 30,000. Kwamba huku kuna Bunge na wizara basi kila mtu ana posho? Mimi nauza daftari na kupiga fotokopi.

Pili, kuuza kifaa bila podi. Winga anakuhakikishia "ni OG dada yangu, hutajuta", unalipa, kinafika, kizuri. Wiki tatu baadaye podi imechoka, unampigia, anakwambia podi hazijaja na meli. Sasa kifaa bila podi ni nini? Ni betri. Kile cha 95,000 podi zake sikuzipata tena popote, Dodoma wala Kariakoo, na ninacho mpaka leo kwenye droo. Kwa hiyo hesabu podi kabla ya kifaa. Kama hawezi kukupa pakiti moja ya akiba siku hiyohiyo, huyo hana biashara ya vepu, ana kifaa kimoja anachotaka kukisukuma.

Tatu, na hili linaniuma kuliko bei, ni kuziuza kwa watoto wa shule, zikiwa na fleva ya ubuyu wa rangi na katuni kwenye boksi. Mchina aliyebuni hizi za kisasa mwaka 2003, mfamasia Hon Lik, alikuwa mvutaji mwenyewe na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Alitafuta pa kutokea. Mtoto wa kidato cha pili anatokea wapi? Hajaingia bado. Ukimwona muuzaji anamuuzia mtoto, usimpe hela yako hata kama bei yake ni nzuri.

Boksi likifika, kwangua stika ya usalama, chukua namba, iingize kwenye tovuti ya watengenezaji. Vaporesso wanayo, Uwell wanayo. Ikikataa, rudisha siku hiyohiyo. Chaji usitumie ile ya simu inayojaza haraka. Tumia ya kawaida, volti 5 ampea 1, na usiiache kitandani ukalala.

Usivute vyote viwili kwa muda mrefu ukajidanganya umehama. Mimi wiki mbili za kwanza nilichanganya, kisha nikampa Mangi kiberiti changu.

Na kabla hujatuma hela kwa mtu usiyemjua, mwombe kitu kimoja ambacho hakimgharimu chochote. Mwambie achukue podi, aijaze nusu, hata kwa maji, aishike dirishani, apige picha akutumie. Kumi niliowaomba, saba hawakujibu. Mmoja alinitumia picha ya mtandaoni. Mmoja alisema, "Dada, unanunua au unakagua?" Wa mwisho, dada mmoja wa Kariakoo, alinitumia baada ya dakika tano: kidole chake, nuru ya dirisha, podi, na mstari wa maji katikati ukionekana wazi kabisa. Nikamtumia hela saa ileile, pamoja na ya pakiti mbili za podi.